Neno Baada ya Nzuri

Si zamani sana, wala si mbali sana, ipo nchi ambamo hakuna mtu aliyewahi kufa vibaya. Msinikodolee macho, simsingizii mtu. Hizo ni takwimu za serikali, na takwimu za serikali ile zilipigwa muhuri mbele na nyuma ili zisipitishe hewa.

Katika nchi hiyo, mgonjwa ambaye madaktari wameshamaliza maarifa yao yote hakuachwa ahangaike. Alipelekwa kwenye Nyumba ya Mapumziko, akatunzwe siku zake za mwisho. Nyumba hizo zilikuwa nyingi, na kwa kuwa serikali ilijali, iliunda Wizara ya Faraja na Takwimu ipime ni nyumba ipi inatunza watu vizuri na ipi inawatunza vibaya. Nyumba nzuri ilipewa nyota tano, zikabandikwa getini.

Upimaji wenyewe ulikuwa mwepesi, maana wataalamu waliuchunguza kwa miaka sita. Mkaguzi alisimama mlangoni mwa wodi, akapiga hodi, akamwuliza kila mgonjwa swali moja: "Habari ya huduma?" Jibu likaandikwa kwenye kisanduku cha fomu, na kisanduku kilikuwa na nafasi ya neno moja.

Sasa, sisi tuliolelewa tunajua. Mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri. Hata kama nyumba inaungua nyuma yako, utajibu nzuri kwanza, kisha ndipo utaongeza, "ila tunaomba ndoo." Habari za safari? Nzuri, ila gari lilipinduka. Habari za nyumbani? Salama, ila baba tumemzika juzi. Jambo lenyewe hukaa baada ya ila, na hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Wizara tu ndiyo haikulijua, au ililijua sana. Mimi ni msimulizi, mambo makubwa siyawezi.

Mkaguzi aliyesifika kuliko wote alikuwa Bi Mwanahawa Tindwa. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuandika neno zaidi ya nzuri, njema na salama. Sifa yake ilikuwa mkono. Mgonjwa alipotamka nzuri, kabla hajavuta pumzi ya pili, kifuniko cha kalamu ya Mwanahawa kilikuwa kimesharudi mahali pake, ta! Naye yuko kitanda kinachofuata. Wizara ilimzawadia saa ya ukutani, ikamfanya mwalimu wa wakaguzi wengine.

Mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyemshinda kumfundisha. Huyu alikuwa Bwana Mavere, mtu mzima mwenye upara na macho ya huruma. Kila akiuliza swali alisahau kufunga kalamu, akabaki amesimama anamtazama mgonjwa usoni.

"Mavere," Mwanahawa alimkanya, "ukisubiri, watasema."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Basi usisubiri."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Mwanahawa hakuwa mtu mbaya. Aliamini kabisa kwamba waliojibu nzuri walikuwa na hali nzuri, na akirudi nyumbani alikula akashiba.

*

Kisha mama yake akaugua.

Bi Chausiku, mama yake, alikuwa mwanamke wa adabu. Nusu ya mtaa ule ilijifunzia kusalimia barazani kwake, na mtoto aliyepita bila shikamoo alirudishwa mwanzo wa njia apite upya. Mwanahawa alikuwa binti yake wa pekee, na baba alishatangulia. Walikuwa wawili tu duniani.

Daktari hakuruhusiwa kusema kwamba mtu atakufa. Neno hilo Wizara ilikuwa imeliondoa, mahali pake ikaweka "kuridhika". Marehemu wote waliandikwa kuwa wameridhika, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika.

"Bi Tindwa," daktari alisema huku anatazama dirishani, "mama yako anakaribia kuridhika. Mwezi, labda pungufu. Mtafutie mahali pazuri."

Mwanahawa alilia pale pale, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipomaliza kulia alibaki na haja moja: mama yake asiteseke. Akatoa orodha ya Wizara. Nyumba zote zilikuwa na nyota tano, isipokuwa moja ya huko Bondeni, ya mtawa mmoja aitwaye Sista Kolumba, ambayo haikuwa na hata moja. Mwanahawa akachagua bora ya zile bora, Kasri la Machweo Mema, ambalo yeye mwenyewe alilikagua mara tisa na mara zote tisa akalipa nyota zake kamili.

Meneja wa Kasri, Bwana Remijio, aliwapokea getini kwa mikono miwili.

"Heshima iliyoje! Mama mzazi wa Mkaguzi! Bi Tindwa, tangu tufungue milango yetu hatujatumia dawa ya maumivu hata tone."

"Hata tone?"

"Kabati limejaa hadi juu! Nyumba isiyotumia dawa ya maumivu ni nyumba isiyo na maumivu. Si maneno yangu hayo, ni ya Wizara."

Na kweli yalikuwa ya Wizara. Mwanahawa aliukumbuka hata ukurasa. Akatia sahihi, na Bi Chausiku akapewa kitanda cha pili katika wodi ya vitanda kumi na viwili.

*

Siku ya tatu Mwanahawa alikwenda kumwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari ya huduma?"

Hakukusudia kuuliza hivyo. Kinywa kilishazoea.

"Nzuri," Bi Chausiku akajibu, "ila—"

Ta! Mkono wa Mwanahawa ulikuwa mfukoni, na huko mfukoni ulikuwa umefunga kalamu. Mama aliisikia sauti ile akanyamaza, kama mtu aliyegundua kwamba ameingilia mazungumzo ya wakubwa. Wakaongea habari za majirani na kuku, kisha Mwanahawa akaaga.

Siku ya sita alikaa kitandani. Mkaguzi hakai, kwa hiyo hakuwahi kukaa katika wodi ile hata mara moja. Siku zote aliupenda ukimya wake, na kwenye fomu aliuandika "utulivu". Alipokaa ndipo alipousikia vizuri. Ulikuwa ni watu kumi na wawili wanaopumua kwa pua, meno wameyabana.

Akainama amfunike mama yake, akaona pindo la shuka limetafunwa. Nyuzi zinaning'inia, mate bado mabichi. Akadhani panya. Akageukia kitanda cha tatu, pindo limetafunwa. Cha nne, vivyo hivyo. Alitembea kitanda kwa kitanda mpaka cha kumi na mbili, na wote walimwitikia salamu kwa heshima, na mashuka yote yalikuwa yametafunwa. Mengine yalikuwa yameshonwa upya yakatafunwa tena juu ya mshono. Fomu yake ilikuwa na kipengele cha mashuka, na mara tisa alikuwa amekijaza: safi.

Alikimbia ofisini kwa Remijio.

"Mama yangu anaumwa. Fungueni kabati!"

"Amesema?"

"Anatafuna shuka!"

"Hiyo ni tabia, Bi Tindwa, siyo taarifa. Utaratibu unataka mgonjwa mwenyewe aulizwe habari ya huduma, ajibu mbaya. Neno moja tu. Akilisema, nafungua sasa hivi. Na utaratibu huu, kama sikosei, tulifundishwa na wewe."

Hakukosea. Mwanahawa alirudi mbio wodini, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nakuuliza habari ya huduma. Tafadhali, sema mbaya."

Bi Chausiku alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwanahawa, nimekulea mimi?"

"Umenilea, mama."

"Mtu anakuuliza habari, unamjibu mbaya? Mbele za wenzangu? Watasema nimetoka wapi mimi?"

"Lakini unaumwa!"

"Naumwa, ndiyo. Kuumwa siyo kukosa adabu." Akavuta shuka mpaka mdomoni, akafumba macho.

Mwanahawa akarudi tena ofisini, akasema anamhamisha mama yake leo hii.

"Hahamishwi," Remijio akasema kwa upole. "Alhamisi Mheshimiwa Waziri anatuletea nyota ya sita, ambayo haijawahi kutolewa popote. Mama yako amechaguliwa kujibu swali mbele ya redio. Mgonjwa wa nyota ya sita hatoki kabla ya hapo. Geti limeshaambiwa."

Mwanahawa akatazama nje. Askari wawili waliokuwa getini sasa walikuwa wanne.

*

Jumanne Wizara ikamtuma Bondeni kuifunga nyumba ya Sista Kolumba. Hati ilikuwa mkobani, inangoja sahihi yake. Kosa lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa: KUZALISHA MALALAMIKO.

Alikuta nyumba ya bati lenye viraka, na mtawa mfupi mzee aliyevaa ndala. Sista alikuwa katika zamu yake, amebeba kigoda. Alikiweka kando ya kitanda cha mzee mmoja, akakaa.

"Habari yako, Mzee Kwilasa?"

"Nzuri, Sista."

Sista hakuondoka. Alikaa tu, mikono mapajani, anamtazama. Muda ukapita mpaka vidole vya Mwanahawa vikaanza kucheza vyenyewe.

"Ila mgongo," mzee akasema.

"Umeanza lini?"

"Alfajiri. Nilikuwa naona haya kukusumbua."

Sista akamimina dawa kwenye kikombe kidogo, akamnywesha, akamfuta kidevu, akaandika kwenye daftari. Kisha akanyanyua kigoda chake kwenda kitanda cha jirani. Kazi yote ilikuwa hiyo.

"Shikamoo, Sista," Mwanahawa alisema walipofika mwisho. "Wizara inasema mnazalisha malalamiko."

"Marahaba. Yalikuwemo, mwanangu. Sisi tunayapokea tu." Akakigeuza kigoda, akakaa mbele yake. "Na wewe, habari za nyumbani?"

"Nzuri, Sista."

Sista akabaki amekaa. Mwanahawa alitazama bati, akatazama viatu vyake, akaubana mkoba. Miaka kumi na minane aliwauliza watu habari, na leo ndiyo mara ya kwanza yeye kuulizwa na mtu anayengoja.

"Ila mama yangu," akasema, na kilio kikamshinda. Alieleza yote: shuka, kabati, nyota ya sita, nyota zote zile alizozitoa akiwa amesimama mlangoni.

"Kitanda ninacho," Sista akasema. "Na dawa ninayo. Mlete."

"Hawamtoi mpaka Alhamisi ipite. Na hati ya kukufunga ipo hapa mkobani."

"Najua ipo. Umeukumbatia tangu uingie. Basi mlete Ijumaa, kama tutakuwa bado tupo."

Mwanahawa hakutia sahihi. Sista akamfungia kichupa cha dawa katika kitambaa, lakini askari wa Kasri wakakikuta wakakimwaga mchangani. Dawa ya maumivu ikiingia, walimweleza, itachafua rekodi.

*

Alhamisi palikuwa na maturubai, tarumbeta, na utepe wa kukata. Wagonjwa walipewa mashuka mapya yaliyoshonewa ukanda wa turubai kwenye mapindo, yasitafunike. Mheshimiwa Waziri Sefania Lubisha alihutubia kwanza.

"Ndugu wananchi! Zamani watu wa nchi hii walikuwa wanaondoka ovyo ovyo, kila mtu kwa namna yake! Leo tunaridhika kwa viwango! Jirani zetu wana nyota tano. Tano! Sisi tumegundua ya sita!"

Makofi yakapigwa. Waziri akaingia wodini, nyuma yake Remijio, watu wa redio, na Mavere aliyebeba nyota kwenye sinia. Akaanzia kitanda cha kwanza, ambako mzee mmoja alikuwa amekalishwa kwa mito. Akamshika mkono.

"Habari ya huduma, mzee?"

Mzee hakujibu.

"Mnaona!" Waziri akawaambia watu wa redio. "Ameridhika mpaka maneno yamemwishia!" Akajifuta kiganja kwenye koti, akahamia kitanda cha pili. "Na wewe, mama, habari ya huduma?"

"Nzuri, baba," Bi Chausiku akasema.

Makofi tena. Waziri akanyoosha mkono kuichukua nyota, na macho yote yakamgeukia Mwanahawa, aliyesimama na fomu na kalamu iliyo wazi. Ilibaki kufunga kalamu tu. Angeifunga, kesho mama yake yuko Bondeni, anakunywa dawa. Ni siku moja tu ya kuvumilia. Hayo Mwanahawa aliyajua vizuri, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kwenda.

Kisha akaona midomo ya mama yake, imepasuka kwa ule ukanda wa turubai. Akatazama vitanda vingine, ambavyo havikuwa na Ijumaa yoyote. Akaweka fomu chini. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akamtazama mama yake, akanyamaza.

"Tayari, Mkaguzi," Remijio akanong'ona. "Funga."

Hakufunga. Redioni nchi nzima ilisikia ukimya, watu wakaanza kuzigonga redio zao. Mkono wa Waziri ulibaki hewani. Mwanahawa hakuinuka.

"Ila," Bi Chausiku akasema.

Watu wa redio wakamsogezea kipaza sauti.

"Mimi sijambo, baba. Ila huyu mwenzangu wa kitanda cha tatu. Tangu nije hapa hajapata usingizi. Mimi nitavumilia, mpeni yeye dawa."

"Hapana, mheshimiwa," wa kitanda cha tatu akasema, "mimi nzuri tu. Ila wa cha nne, mifupa inamwua."

Wa nne akamsemea wa tano, wa tano akamsemea wa sita. Hakuna hata mmoja aliyejilalamikia. Adabu yao ilikuwa pale pale. Neno lilitembea hivyo mpaka kitanda cha kumi na mbili, alikolala mwanamke ambaye hakuwa na jirani wa kumsemea baada yake. Akanyoosha kidole ng'ambo ya wodi.

"Mimi sina neno. Ila mzee wa kitanda cha kwanza, mheshimiwa, uliyemshika mkono. Alikufa alfajiri."

Waziri akautazama mkono wake.

"Fungueni kabati!" akapaza sauti, maana ndilo jambo alilolikumbuka la kujivunia. "Nchi ijue kwamba dawa ipo!"

Ufunguo haukuwapo, haukuwahi kutengenezwa. Kabati likavunjwa kwa mkasi wa kukatia utepe, na kweli lilikuwa limejaa. Chupa kwa chupa, hadi juu, zina vumbi. Hilo ndilo lililowatisha watu kuliko lolote, kwamba halikuwa tupu. Wauguzi, ambao siku zote walipita wodini wakitazama sakafu, hawakungoja amri ya mtu.

Bi Chausiku alikataa kunywa mpaka wenzake wote wanywe. Mwanahawa akamshikia kikombe. Baada ya muda taya zikalegea, na vidole vikaliachia shuka.

"Habari, mama?"

"Nzuri."

Mwanahawa akangoja. Akangoja sana, amemshika mkono. Hakukuwa na ila yoyote, mama yake alikuwa amelala.

Alikufa Jumamosi, bila maumivu. Nimesema alikufa, na mwenye kunisikia asikie.

*

Redio ilitangaza kwamba ukimya ule na yote yaliyoufuata yalikuwa hitilafu ya mitambo. Nyota ya sita ikabandikwa getini. Kabati likatiwa kufuli tatu, funguo zake zikagawanywa kwa wizara tatu. Fomu nayo ikaboreshwa: neno nzuri sasa huja limeshachapwa, ili mgonjwa asisumbuliwe kusema; swali likabaki kwa ajili ya adabu, na kalamu kwa ajili ya sahihi. Nyumba ya Bondeni ilifungwa, hati ikatiwa sahihi na Mkaguzi Mkuu mpya, Bwana Mavere, na wagonjwa wa Sista Kolumba wakahamishiwa Kasri. Kigoda kilichukuliwa kama ushahidi.

Mwanahawa alifuatwa matangani, siku ya tatu, na watu wawili wenye adabu sana. Walimpeleka kwenye nyumba ya mapumziko ya watumishi waliochoka. Haikuwa na madirisha. Getini ilikuwa na nyota tano.

Siku ya arobaini mkaguzi akaja kupima ubora. Alipiga hodi, akasimama mlangoni, na upara wake uling'aa kwenye taa. Wakatazamana. Macho ya Mavere yalikuwa bado yana huruma, na kwa kitambo kidogo Mwanahawa akakumbuka jinsi mwanafunzi huyu alivyokuwa mzito wa mkono.

"Habari ya huduma, Bi Mkubwa?"

Mwanahawa alikuwa amejiandaa kwa siku nyingi aseme lile neno jingine. Lakini mtu amekuuliza habari, na yeye alilelewa na Bi Chausiku.

"Nzuri," akajibu, "ila—"

Ta!

Mavere alikuwa amehitimu.

Hadithi yangu inaishia mlangoni hapo, kwa kuwa mlango wenyewe ulifungwa. Mkinikuta njiani mkaniuliza habari za nchi ile, nitawajibu kama nilivyofunzwa nyumbani: nzuri. Basi vuteni kigoda.